Funga flashi yako kabla hujaisahau steshenari

Nina steshenari Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, na droo ya mezani kwangu haikosi flashi za watu. Msimu wa kukusanya ripoti ndio balaa: mtu akishaprinti anakimbia, flashi inabaki kwenye mashine. Majuzi nilichomeka moja nijue ni ya nani. Nikakuta kitambulisho cha NIDA kilichoskaniwa, cheti cha kuzaliwa, namba ya akaunti ya benki na picha za send-off. Sikuulizwa nywila popote. Mimi nilitafuta namba ya simu tu.

Hatua ya 1: Kuwa na flashi mbili. Moja ya kuzurura, moja ya siri. Ya kuzurura ndiyo unayoniletea, ikiwa na ile PDF ya kuprinti na basi. Ya siri usiichomeke kwenye kompyuta ya mtu, hata yangu. Ukishaifungua kwa nywila, kirusi kilichomo kwenye mashine hiyo kinasoma kila unachosoma wewe. Kufuli linamzuia aliyeiokota, halizuii mashine uliyoifungulia mwenyewe.

Hatua ya 2: Nakili kila kitu kwenye laptopu kwanza. Flashi hufa bila kuaga, na iliyofungwa ikiharibika, kuokoa vilivyomo ni kazi ngumu zaidi.

Hatua ya 3: Funga. Kama laptopu yako ina Windows ya Pro, huhitaji kununua chochote. Bofya kulia kwenye jina la flashi, chagua mstari wa kuwasha BitLocker, yaani kufuli la Windows yenyewe, weka nywila ndefu. Mwaka wako wa kuzaliwa sio nywila. Ukiulizwa ufunge eneo lililotumika tu au flashi nzima, chagua nzima kama flashi si mpya, maana faili ulilofuta jana bado limelala mle na programu ya kuokoa faili inaweza kulirudisha. Kisha chagua hali inayokubaliana na Windows za zamani. Kazi hii huchukua muda, kwa hiyo chaji laptopu, na usichomoe flashi katikati bila kusimamisha zoezi kwanza.

Windows ya Home inaweza kufungua flashi ya BitLocker, ila haiwezi kuifunga. Hapo tumia programu ya kufunga faili iitwayo VeraCrypt, ni ya bure. Unatengeneza faili moja kubwa ndani ya flashi, ambalo ukilifungua kwa nywila linaonekana kama diski nyingine. Unaweka nyaraka humo, ukimaliza unalifunga. Flashi nyingi zinakuja na mfumo wa kupanga faili uitwao FAT32, ambao haupokei faili moja la kufika GB 4. Ukitaka kubwa zaidi, fomati kwa exFAT kwanza. Na ukishahamishia nyaraka ndani, futa zile za nje! Nimeona mtu kafunga kabati huku nguo zote ziko kitandani.

Hatua ya 4: Tunza ufunguo wa akiba. BitLocker inakupa tarakimu 48. Ziprinti uziweke nyumbani pamoja na vyeti, usizihifadhi kwenye flashi hiyohiyo. Ukipoteza nywila na hizo tarakimu, usiniletee. Hakuna fundi wa kukufungulia. VeraCrypt yenyewe haikupi hata hizo tarakimu, ni nywila yako tu.

Hatua ya 5: Flashi ya kuzurura ikirudi nyumbani, iskani kwa programu ya kuzuia virusi kabla ya kufungua chochote. Ukikuta mafolda yamegeuka njia za mkato, usizibofye wala usikimbilie kufomati. Mara nyingi faili zako zipo, kirusi kimezificha tu. Skani kwanza, kisha fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike hivi, ukibadilisha E iwe herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

La mwisho ni dogo. Bandika kipande cha plasta kwenye flashi, andika namba yako ya simu. Ukiisahau kwangu nitakupigia bila kuichomeka.