Kupanga mshahara mdogo ukiishi peke yako Mtwara

Hatua ya 1: Jua kinachofika mkononi

Aliyeajiriwa sekta binafsi kwa mshahara wa shilingi 550,000 asipange 550,000. NSSF inachukua asilimia 10, yaani 55,000, zinabaki 495,000. Kodi ya mapato haigusi 270,000 za mwanzo. Zile 225,000 zilizozidi hukatwa asilimia 8, sawa na 18,000. Ukiwa ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 82,500, inaondoka pia. Unabaki na 394,500. Hizo ndizo za kupanga.

Hatua ya 2: Gawa siku ileile mshahara unapoingia

Chakula 150,000, kodi ya chumba 50,000, nyumbani kwa wazazi 40,000, bodaboda na bajaji 40,000, umeme, maji na gesi 30,000, dharura 30,000, michango 15,000, bando 15,000. Zinazobaki, 24,500, ni zako: nguo, kinyozi, chochote. Andika kwenye kaunta buku. Programu za simu huachwa upesi. Daftari lililo mezani unaliona kila ukila.

Hatua ya 3: Kodi ya miezi sita

Hapa ndipo bajeti nyingi hufia. Mwenye nyumba anataka 300,000 kwa mkupuo, wewe unalipwa kwa mwezi. Kuziacha zile 50,000 kwenye simu hakufai. Kwanza unaziona kila ukinunua vocha. Pili, ukiwa ulitumia ule mkopo wa simu wa kukamilisha muamala na hujaulipa, fedha yoyote inayoingia hulipa deni kabla hujaishika.

Njia ninayoipendekeza kuliko zote ni mchezo, yaani upatu, wa watu sita: kila mmoja anatoa 50,000 kwa mwezi na mmoja anapokea zote kwa zamu. Hesabu inalingana na kodi sawasawa: kila zamu ni 300,000. Ila zamu ndiyo kila kitu. Tuseme umelipa kodi ya Januari hadi Juni, na mchezo unaanza Januari. Zamu ya kwanza ni mkopo, si akiba. Ukiichukua utanunua godoro au simu, na Julai mwenye nyumba atakukuta huna kitu. Ya sita inaangukia mwisho wa Juni, inaonekana ndiyo yenyewe, lakini wenzako wote wameshapokea. Mmoja akichelewa wiki mbili, wewe ndiye unayedaiwa kodi. Chukua ya tano. Inakuja mwisho wa Mei, unabaki na mwezi mzima wa kufuatilia aliyechelewa, na bado utachangia mara moja tu.

Fedha ikifika isilale ndani. Mpelekee mwenye nyumba siku hiyohiyo, uandikiwe risiti inayotaja miezi: Julai hadi Desemba. Risiti isiyotaja miezi huzaa ugomvi. Asipopokea mapema, iweke benki kwenye akaunti ambayo hukuiunganisha na simu.

Angalia pia unacheza na nani. Mtu ambaye kipato chake ni korosho, hata awe mwaminifu vipi, atalipa vizuri Oktoba hadi Desemba kisha atakwama Februari. Si tabia mbaya, ni msimu. Cheza na wanaolipwa kila mwezi kama wewe, na kijumbe, anayekusanya fedha za mchezo, awe mtu ambaye kwake unakufahamu.

Hatua ya 4: Chakula

Katika zile 150,000, tenga 60,000 za mzigo wa mwezi: unga, mchele, mafuta, sukari, sabuni. Zinazobaki, 90,000, zitie kwenye bahasha tano za 18,000, si nne. Mwezi, ukiacha Februari, una wiki nne na siku mbili au tatu, na hizo siku za mwisho ndizo zinazokopesha watu dukani. Toa 90,000 zote kwa wakala mara moja. Makato ya kutoa kidogo kidogo mara tano yanazidi ya kutoa mara moja.

Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikivuma katikati ya mwaka, bahari huchafuka, samaki wabichi huadimika na bei hupanda. Miezi hiyo kula dagaa wakavu, kunde na mbaazi. Mbaazi nunua debe wakati wa mavuno, zianike juani hadi zikauke kabisa, zihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Zikibaki na unyevu, wadudu watazimaliza.

Hatua ya 5: Michango

Minada ya korosho ikianza Oktoba, kadi za harusi na mialiko ya ngoma huja kwa mpigo. Ukianza kutenga 15,000 Januari, mwisho wa Septemba una 135,000. Igawe kabla kadi hazijafika: ndugu wa damu kiasi hiki, wa kazini kiasi hiki. Ukiletewa kadi, taja kiwango chako papo hapo. Ukisema “nitaangalia”, utapangiwa.

Hatua ya 6: Luku

Kama mita ya umeme ni ya pamoja, anayenunua wa kwanza mwezi ukianza ndiye anayekatwa kodi ya jengo, 1,500. Hiyo ni ya mwenye nyumba. Tunza ujumbe wa Luku, mkubaliane naye ipunguzwe kwenye kodi ya chumba: kwa miezi sita ni 9,000.