Kununua pikipiki ya mkononi (iliyokwishatumika): gusa injini kabla haijawashwa
Boxer yangu ya kwanza niliikuta tayari inaunguruma, nikalipa, nikajuta. Ya pili nilimwambia muuzaji asiiwashe mpaka nifike. Ukifika, weka kiganja kwenye bloku (sio kwenye eksozi, nina kovu). Ikiwa ya moto, subiri ipoe, hata saa nzima. Kisha piga kiki mwenyewe, mwenzako akae nyuma aangalie moshi. Injini baridi haifichi ugumu wa kuwaka, na ikishapata moto vyuma hutanuka, baadhi ya makelele hupotea. Moshi wa bluu unaotoka kidogo mwanzoni kisha ukakoma, mara nyingi ni sili za valvu (vimpira vya kuzuia oili) zimechoka. Moshi ukizidi kila ukivuta mafuta, hapo ni ringi za pistoni au silinda zimelika. Hela ya kufungua injini ikatwe kwenye bei, au ondoka. Mbinu hii hugoma kama pikipiki imeshinda juani, maana bloku itakuwa na joto tu, au kama imewekwa oili nzito ya kuficha moshi. Na haikuambii lolote kuhusu kadi ya usajili: namba ya chesisi (fremu) isome mwenyewe, uilinganishe na ya kwenye kadi, herufi kwa herufi.