Ampu ya valvu: anza na stima, nobu baadaye

Ampu ya gitaa ya valvu inaweza kulia vizuri mchana nyumbani, na usiku huo huo ukumbini Kondele, Kisumu, ikatoa sauti butu isiyokata. Valvu hazichakai kwa saa sita. Kilichobadilika ni volti zinazoingia, upande spika inakoelekea, na mkono uliokimbilia trebo (nobu ya sauti kali za juu). Kwa hiyo kabla hujaagiza valvu mpya (zile chupa za kioo zinazokuza sauti, tyubu kama wengi wanavyoziita), fuata njia inayopitwa na sauti yenyewe, kuanzia ukutani.

Soketi

Stima ya Kenya ni volti 240, hezi 50. Ampu iliyofungwa kwa 240 hushusha volti hizo hadi 6.3 za kupashia valvu moto, na juu yake hupandisha volti mia nne na zaidi za anodi (lile bati lililo ndani ya valvu). Hita ya valvu huvumilia asilimia 10 hivi kila upande, yaani kutoka 5.7 hadi 6.9. Sasa chukua mtaa ulio mwisho wa laini, saa mbili usiku, kila nyumba imewasha kitu: soketi ikishuka hadi 200, hita inapata 5.25, na anodi iliyotakiwa iwe na 450 imebaki na 375. Hapo utazungusha kila nobu na sauti itabaki imelegea.

Dawa yake ni mita ya kawaida ya fundi stima, ikiwekwa kwenye AC 750. Pima soketi mara mbili: kabla hamjaunganisha chochote, na tena bendi nzima ikiwa imewasha. Ukipata kati ya 225 na 250, piga. Ikiwa chini ya 216 au juu ya 255, tumia stabilaiza, kifaa cha kusawazisha volti. Ampu ya wati 50 huvuta kama wati 150 hadi 250 kutoka ukutani, kwa hiyo stabilaiza ya VA 1000 (uwezo ulioandikwa juu yake) inatosha na kubaki. Kile kifaa cha kulinda friji si stabilaiza. Hakirekebishi volti, kinakata tu na kukuacha usubiri dakika kadhaa katikati ya wimbo. Kinalinda ampu, ni kweli, lakini usikitegemee kwa sauti.

Angalia pia mgongoni mwa ampu imechaguliwa volti gani. Iliyowekwa 230 ikipewa 255, hita zinafika karibu 7.0, na valvu huchoka mapema. Ampu ya Marekani ya 120 inahitaji transfoma ya kushusha, VA 500 kwa ampu ya wati 50, si kile kidude cha kunyolea nywele. Na soma kibandiko: kama kimeandikwa 60 Hz peke yake, transfoma ya ndani itapata moto kupita kiasi kwenye hezi 50 hata volti zikiwa sawa. Kikisema 50/60, lala usingizi.

Jenereta ndogo za harusi zina tabia yake. PA (mitambo ya sauti ya ukumbi) ikipiga besi, taa zinafifia, na ampu inafifia nazo. Ampu ya gitaa isikae na spika kubwa za PA kwenye jenereta iliyolemewa. Inveta nayo iwe ya wimbi safi. Zile za bei rahisi hutoa wimbi la ngazi ngazi, ambalo huingia kwenye spika kama nyuki na kuchemsha transfoma.

Waya wa athi (wa ardhini) usiukate kamwe, hata kama kuukata kunapunguza mvumo. Mpiga gitaa anayeimba huku ampu haina athi ndiye anayepigwa shoti mdomoni akigusa maikrofoni. Mvumo wa aina hiyo mara nyingi huja kwa sababu ampu imechomekwa ukuta huu na mikisa ukuta ule. Leta zote kwenye soketi moja uone kama hautaisha. Na mvua ya radi ikianza, chomoa plagi kabisa. Radi haijali kwamba umezima swichi ya ukutani.

Spika na mahali pa kuiweka

Sheria moja haina msamaha: usiwashe ampu ya valvu bila spika. Transfoma ya kutolea sauti ikikosa mzigo hupandisha volti hadi cheche zinaruka kwenye soketi za valvu, na transfoma hiyo ndiyo sehemu ghali kuliko zote. Ohmu za tundu la ampu zilingane na za spika. Spika mbili za ohmu 8 zikiunganishwa sambamba ni ohmu 4. Zikifuatana ni 16. Waya wa kwenda kwa spika uwe waya wa spika, mnene. Kebo ya gitaa inafanana nao kwa nje, lakini ndani ni uzi mwembamba unaopata moto na kukatika, na hapo umerudi kwenye ampu isiyo na spika.

Kama lalamiko lako ni kwamba ampu haisikiki, usikimbilie ya wati 100. Kuongeza wati mara mbili hukupa desibeli 3 tu. Spika yenye desibeli 100 badala ya 97 hukupa hizo hizo 3 bila kubadilisha ampu.

Spika ya inchi 12 hutupa trebo mbele kama tochi. Ampu ikiwa sakafuni, tochi hiyo inamulika magoti yako. Wewe unasikia sauti butu, unaongeza trebo, na aliyeketi mstari wa tatu anakatwa masikio. Iinue juu ya kreti ya soda au kiti cha mbao, uiinamishe nyuma ielekee sikio lako, kisha ndipo uchague trebo. Kuiinua pia kunapunguza besi inayotoka sakafuni, na kuitoa pembeni mwa chumba kunapunguza zaidi. Kwenye ukumbi wa mabati usio na dari, ambao ndio kumbi nyingi kuanzia Nakuru mpaka Busia, trebo hurudi kutoka juu, kwa hiyo weka kidogo kuliko unavyotamani. (Mvua ikinyesha juu ya mabati hayo, pumzikeni tu.)

Nobu, kwa mpiga solo wa benga

Solo ya benga, muziki wa gitaa wa Waluo, imetoka kwenye nyatiti, ala yao ya nyuzi: noti kavu, fupi, zinazofuatana haraka, kila moja na ncha yake. Valvu zikisukumwa mpaka sauti ianze kupasuka, hubana ile ncha ya mwanzo, na noti nane zinasikika kama moja ndefu. Mpiga roki anaitaka hali hiyo. Wewe unataka ampu iliyo karibu nayo, ila haijafika. Hesabu za hapa ni za nobu ya 0 hadi 10.

1. Gitaa liwe kwenye pikapu (kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi) ya nyuma, karibu na daraja, sauti 10. Kwenye ampu weka besi 2, midi (sauti za kati) 7, trebo 5, rivabu (mwangwi) 0. Pedali zote ziondoe kwanza.

2. Piga kodi kwa nguvu kama utakavyopiga kipande cha mwisho watu wakiwa wamesimama, huku ukipandisha sauti ya ampu taratibu. Utafika mahali kingo za noti zinaanza kukwaruza. Kwenye ampu nyingi ni kati ya 3 na 5, na juu ya hapo huongezi sauti, unaongeza mpasuko tu.

3. Rudi nyuma nusu namba. Hapo ndipo pako.

4. Sasa teremsha sauti ya gitaa hadi 7. Hiyo ndiyo ya kusindikiza mwimbaji. Zamu ya solo ikifika, kidole kidogo kinairudisha 10.

Hatua ya 4 hushindikana kwenye magitaa mengi kwa kuwa trebo huzama nobu ikishuka. Fundi anaweza kuunganisha kapasita ya pF 680 sambamba na rezista ya kilohmu 150, kati ya mguu wa kuingilia na wa kutokea wa nobu ya sauti ya gitaa. Ni kazi ya dakika kumi. Kebo ndefu pia hula trebo, kwani kila mita ina kama pF 100. Mita 3 hadi 6 zinatosha jukwaa lolote la kawaida.

Kwa nini besi 2? Kwa sababu gitaa la besi la benga halikai nyuma kuhesabu mdundo, linatembea na kujibu solo. Ukiweka besi yako 6 mtakanyagana, na fundi wa mitambo atawapunguza nyote wawili. Kuna sababu nyingine ndani ya ampu: kwenye saketi ya mtindo wa kampuni ya Fender, nobu zote zikiwa 5 sauti si sawasawa hata kidogo, katikati pamechimbwa shimo. Karibu na usawa ni besi 0, trebo 0, midi 10. Jaribu mara moja uzoee masikio, kisha ongeza trebo na besi unavyotaka kutoka hapo. Kama ampu haina nobu ya midi, kupunguza besi na trebo pamoja ndiko kuongeza midi.

Gitaa la pili lisiige mipangilio ya la kwanza. Lipewe pikapu ya mbele au ya katikati, trebo 4, na sauti iwe chini kidogo. Magitaa mawili yenye ncha moja hayasikiki kama mawili.

Ukumbi ukiwa mkubwa, usipandishe ampu, weka maikrofoni. SM57 umbali wa sentimita 3 kutoka kwenye kitambaa, ikielekea ukingo wa ile kofia ya katikati ya spika. Kuisogeza katikati huleta trebo. Kuisogeza nje huleta giza. Sentimita 2 zinabadilisha mengi kuliko nobu yoyote ya mikisa.

Valvu zenyewe

Ukishafanya hayo yote na bado sauti inapasuka mapema, badilisha valvu ya kwanza, iliyo karibu na tundu la gitaa. Kwa kawaida ni 12AX7, ambayo ndiyo ECC83 kwa jina la Ulaya, yenye nguvu ya kukuza 100. Weka 5751 yenye 70. Inaingia soketi hiyo hiyo bila kurekebisha chochote, na nobu ya sauti inapata nafasi ya kutembea.

Valvu kubwa ni habari nyingine. Hununuliwa kwa jozi zilizolinganishwa, na kwenye ampu nyingi bayasi (umeme unaopita kwenye valvu ikiwa haipigwi) lazima ipimwe upya. Ampu ndogo za valvu aina ya EL84 mara nyingi hujirekebisha zenyewe kwa rezista ya katodi. Kwa zile zenye bayasi ya kurekebishwa, hesabu ya mafundi ni hii: uwezo wa valvu kwa wati mara 0.7, ugawanye kwa volti za anodi. EL34 ni wati 25, kwa hiyo 17.5 ukigawanya kwa 450 ni kama miliampea 39. 6L6GC ni wati 30, kwa volti hizo hizo ni kama 47. Hicho ni kikomo cha juu. Chini yake kidogo valvu huishi zaidi, chini sana sauti hukauka na kukwaruza vibaya. Mpe fundi kazi hiyo, ila umuulize amepata ngapi. Akishindwa kukutajia volti za anodi, hajapima. Wewe mwenyewe usifungue: kapasita za ndani hubaki na volti zaidi ya 400 hata baada ya plagi kuchomolewa.

Ikianza kusumbua

Mvumo una noti, na noti hiyo inakuambia ugonjwa. Piga uzi wa sita, friti ya tatu. Hiyo ni G ya hezi 98. Mvumo ukilingana nayo ni wa hezi 100, na kapasita za kuchuja zimechoka. Ukiwa oktavu moja chini, ni hezi 50, tafuta kwenye athi, kebo au hita.

Sauti ikififia na kurudi ghafla, chukua kebo fupi uunganishe tundu la kutolea la efekti na la kurudishia. Ikitulia, tundu limeshika kutu, jambo la kawaida kwa unyevu wa kando ya Ziwa Victoria. Safisha kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme. WD-40 ya kawaida waachie wenye mageti. Mlio kama kengele kila ukipiga noti fulani: gonga valvu ndogo moja moja kwa penseli, na itakayolia kwenye spika ndiyo ya kutolewa. Valvu kubwa ikiwa nyekundu kwenye bati lake, zima papo hapo, usimalize wimbo. Fyuzi ikikatika, weka ya kiwango kile kile, na ikikatika tena peleka kwa fundi. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ndani ya kishikio cha fyuzi imeua transfoma nyingi.

Usiku wa Dunga (ufuo wa Kisumu) na ufuoni kote, wale wadudu wadogo wa ziwani hufuata mwanga, na valvu zinawaka. Weka taa kali zaidi mbali na ampu, uache sentimita 20 nyuma yake ipumue, wala usiifunike kwa leso. Asubuhi, ikiwa imepoa na imechomolewa, wapanguse kwa brashi kavu ya rangi, hasa kuzunguka soketi za valvu kubwa, maana uchafu ulioshika unyevu hupitisha umeme.

Ukimaliza kupiga, zima na uiache dakika 15 kabla ya kuibeba. Valvu yenye moto haipendi kutikiswa. Kwa boda boda toa valvu kubwa, andika ipi ilikuwa soketi ipi, uzifunge kwenye soksi na kuzibeba mkononi. Ukifika, zirudishe na uzikandamize mpaka chini kabla ya kuwasha.