Jinsi ya kumchua mzee goti linalouma

Goti la mzee likikakamaa, wengi hukimbilia kusugua pia ya goti kwa nguvu. Hapo ndipo wanapokosea. Pia hiyo ni mfupa wenye ngozi nyembamba juu yake; ukiusugua unaamsha maumivu tu. Kazi iko juu ya goti, kwenye misuli ya paja, ambayo hujikaza kulilinda goti bovu na kwa kukaza huko huzidi kulibana.

Kabla ya yote, papasa miguu yote miwili. Goti likiwa la moto, limevimba ghafla, au mzee ana homa, usilichue. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma ukilibonyeza, acha kabisa: huenda damu imeganda mshipani, na kuchua kunaweza kulisukuma donge hadi mapafuni. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Aliyeanguka naye asubiri siku 2 au 3.

1. Mlaze chali, viringisha taulo uliweke chini ya goti lipinde kidogo. Mguu usio na egemeo haulegei.

2. Chovya kitambaa katika maji ya moto, kikamue, kijaribu ndani ya mkono wako, kisha funika goti na paja kwa dakika 10 hadi 15. Mwenye kisukari huenda hahisi moto miguuni, kwa hiyo iamini ngozi yako hata akisema hakimchomi. Dawa ya kuchua yenye pilipili au mentholi usiichanganye na kitambaa cha moto, huunguza.

3. Pasha viganjani kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya nazi. Yakizidi, mkono huteleza bila kuushika msuli. Telezesha viganja polepole kutoka juu ya goti kuelekea nyongani, mara 10. Kisha ukusanye msuli kwa kiganja kizima na kuuachia, kama unavyokanda unga wa chapati uliokwisha kulainika, kwa dakika 5. Ukikuta fundo, tuliza dole gumba juu yake mpaka mzee apumue mara 5, bila kulisaga. Wazee wengi huona haya kusema wanaumia, basi tazama vidole vya mguu: vikijikunja, umezidisha.

4. Pembeni mwa pia, zungusha ncha za vidole viwili kwa wepesi, dakika 2. Nyuma ya goti usibonyeze. Mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu hupita hapo.

5. Taulo likiwa palepale, alikandamize kwa goti, ahesabu sekunde 5, aachie. Mara 10. Hatua hii watu huiruka, nayo ndiyo inayoupa msuli nguvu ya kulipunguzia goti mzigo.

Rudia mara 2 au 3 kwa wiki. Akiamka kesho yake na maumivu zaidi, safari ijayo punguza muda na nguvu kwa nusu.