Namna ya Kuandika Kitabu cha Usimamizi wa Seva Kitakachomfaa Msomaji wa Dar es Salaam

Msimamizi wa mifumo ya kompyuta hafungui kitabu cha kazi yake kwa starehe. Hukifungua seva, yaani kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine, ikiwa imegoma, bosi akipiga simu kila baada ya dakika chache na wateja wakiwa wamejazana kaunta. Kwa hiyo anayetaka kumwandikia hana budi kuandika kila sura akijua kwamba huenda ikasomwa peke yake, na mtu asiye na muda wa kukisia.

Anza kwa kupunguza mada. Kitabu kinachodai kufundisha mfumo endeshi wa Linux wote humwacha msomaji njiani, ilhali kitabu chembamba kinachoeleza jinsi ya kutunza nakala rudufu za hifadhidata ya SACCOS, au jinsi ya kuendesha barua pepe za ofisi ya watu hamsini, kinaweza kufika mwisho wa jambo lake. Ukurasa wa mwanzo utaje toleo la mfumo endeshi ulilotumia. Matoleo ya muda mrefu ya Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, hutoka kila baada ya miaka 2, mwezi wa Aprili, na hupewa miaka 5 ya masasisho ya kawaida. Ukianza kuandika juu ya toleo lililobakiza mwaka mmoja, kitabu kitafika dukani kikiwa kimechakaa. CentOS Linux 7, mfumo mwingine wa aina hiyo, ilifikia ukomo wa masasisho tarehe 30 Juni 2024, na maelezo yaliyofungamana nayo sasa yanamfaa tu yule anayetaka kuihama. Ni vyema basi kutenganisha sura za mambo yanayodumu, kama vile ruhusa za mafaili na namna majina ya vikoa yanavyotafutwa, na sura za mafaili ya usanidi ambayo hubadilika kila toleo, ili siku ya kurekebisha kitabu usilazimike kukigusa chote.

Sehemu inayostahili jasho kubwa zaidi ni majaribio. Kompyuta ya mwandishi ina programu na mipangilio aliyoiweka zamani akaisahau, na amri inayokubali kwake inaweza kukataa kwa msomaji. Andaa mashine pepe mpya, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta yako, kwa kila sura, hifadhi hali yake ya mwanzo, kisha nakili kila amri kutoka kwenye muswada wenyewe, si kutoka kichwani, na uone inatoa nini. Muswada uandikwe kwa matini ya kawaida, kwa mfano Markdown au AsciiDoc, kwa sababu programu za kuchapia barua hugeuza alama za nukuu na vistari viwili kuwa alama za mapambo, nazo kompyuta haizitambui. Kila hatua imweleze msomaji atajuaje kwamba imefaulu na ataitenguaje ikishindikana. Onyo juu ya amri inayofuta data likae kabla ya amri hiyo, kwani mtu mwenye haraka hutekeleza kwanza, ndipo akasoma mstari unaofuata. Baada ya hapo mpe muswada fundi mdogo ambaye hajawahi kuifanya kazi hiyo, kaa kando yake bila kumsaidia, na popote atakapokwama hesabu kuwa ni maandishi yako yaliyokwama.

Anwani za mtandao za mifano nazo zisiwe za ofisi yako, kwani wapo watakaozinakili kama zilivyo. Zimetengwa rasmi anwani za kutumiwa katika maandishi, zikiwemo zinazoanza na 192.0.2, 198.51.100 na 203.0.113, pamoja na kikoa cha example.com.

Vitabu vingi vinavyosomwa hapa viliandikwa vikichukulia kwamba umeme haukatiki na intaneti haina kipimo. Mwandishi wa Dar es Salaam ana nafasi ya kuliziba pengo hilo, nami naona hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuandika. Sura ya hifadhidata ieleze jinsi UPS, kifaa cha betri ya akiba, inavyounganishwa na seva ili seva ijizime kwa utaratibu kabla betri haijaisha, badala ya kukatwa katikati ya kuandika data. Ieleze pia kwamba betri ndogo ya ubao mkuu ikifa, saa ya mashine inaweza kurudi nyuma kila umeme unapokatika, na hapo vyeti vya usalama vinavyothibitisha utambulisho wa tovuti na seva, ambavyo huwa na tarehe ya kuanza, vitaonekana havijaanza kutumika ingawa havina kasoro. Ofisi ya Kariakoo yenye kompyuta ishirini na bando moja inahitaji sura inayoonyesha jinsi ya kupakua masasisho mara moja, kuyahifadhi kwenye seva ya ndani, na kuyagawa kutoka hapo.

Saa nazo zinahitaji uangalifu, hasa katika kupanga kazi zinazojiendesha. Nakala rudufu ya saa nane usiku huandikwa 2 katika cron, programu ya Linux ya kupanga kazi hizo, kwa kuwa yenyewe huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Msomaji akiandika 8, kazi hiyo itaanza saa mbili asubuhi, wakati ofisi inafunguliwa. Iwapo seva imekodiwa nje na inafuata saa za UTC, saa za marejeo za dunia, zilizo nyuma yetu kwa saa 3, namba sahihi ni 23. Andika saa zote kwa namna zote mbili, ya Kiswahili na ya kompyuta, kila zinapotokea.

Kuhusu istilahi, usianze kubuni upya. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikwishatoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi, kwa Kiswahili, na BAKITA na TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya chuo hicho, nao wana kazi yao ya istilahi. Chagua neno moja kwa kila kitu, ulitumie hadi mwisho, na uweke faharasa. Amri na ujumbe wa makosa viachwe kama kompyuta inavyovionyesha, kwa kuwa msomaji atavitafuta kwa maneno hayohayo.

Muswada ukikamilika, omba ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Toleo la karatasi na la kielektroniki huhitaji namba tofauti. Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika, lakini usajili COSOTA, taasisi ya hakimiliki Tanzania, hurahisisha ushahidi ukitokea mgogoro. Sema wazi kwamba msomaji anaruhusiwa kutumia amri na programu fupi za kitabuni katika kazi yake bila kuomba kibali. Chapa nakala chache kwanza, tunza muswada ndani ya Git, programu inayoweka kumbukumbu ya kila badiliko, na makosa yatakayoripotiwa yasahihishwe humo yakiwa na tarehe, ili toleo jipya la mfumo endeshi litakapotoka uzipitishe sura zote tena kwenye mashine pepe tupu kabla ya kurudi kwa mchapaji.