Kabla hujapunguza maua ya mti wa matunda

Mtufaa uliochanua kwa wingi, maua matano hadi kumi tu katika kila mia yakishika na kuwa matunda, mavuno yake yanakuwa kamili. Yakishika mengi zaidi, yote hugombea chakula kilekile kinachotengenezwa na majani, nawe unavuna matunda mengi, madogo, yenye utamu hafifu, na pengine tawi limevunjika kwa uzito. Kupunguza ni kazi yenye faida kubwa. Ila ua lililokwisha kukatwa halirudi, kwa hiyo yapo mambo ya kuamua mkono haujagusa tawi.

Utambue mti wenyewe kwanza. Mitufaa, mipeasi, mipichi na miplamu ndiyo inayolipa kazi hii. Micheri kwa kawaida haihitaji, na miembe na miparachichi hupukutisha yenyewe sehemu kubwa sana ya maua na matunda machanga. Uangalie pia umri: mche uliopandwa mwaka huu au mwaka jana uondolee maua yote bila huruma, nguvu ziende kwenye mizizi na matawi.

Swali gumu kuliko yote ni hili: uondoe maua sasa, au usubiri matunda machanga? Ukubwa wa tunda huamuliwa mapema. Katika wiki chache za mwanzo baada ya kuchanua, seli za tunda hugawanyika kwa kasi, na tunda lililopata seli nyingi wakati huo ndilo litakalonenepa baadaye. Ukipunguza wakati matunda yamekwisha kukua, yaliyobaki yataongezeka kidogo tu. Kuna sababu ya pili, nayo wengi huisahau. Mbegu zilizo ndani ya matunda machanga hutoa homoni zinazouzuia mti kuandaa vitumba vya msimu ujao. Ndiyo maana mtufaa uliozidiwa mwaka huu unaweza kukaa karibu mtupu mwaka unaofuata. Anayepunguza mapema anayatunza mavuno ya misimu miwili.

Lakini mapema kuna hatari yake. Jalidi, yaani baridi ya kugandisha, ya usiku mmoja inaweza kuua maua uliyoyabakiza, na mvua au baridi ya siku kadhaa huwazuia nyuki kutoka, maua yakabaki bila chavua. Kwa mwenye miti michache, mimi napendelea awamu mbili: wakati wa maua uondoe vishada vilivyosongamana sana tu, kisha urudi matunda yakiwa na kipenyo cha milimita 15 hadi 20, unapoona wazi yapi yameshika. Mipichi uimalize kabla kokwa halijaanza kukomaa na kuwa gumu. Ukumbuke pia kwamba aina nyingi za matufaa huhitaji chavua kutoka aina nyingine. Kama mti huu ndio unaoulisha mwenzake chavua, usiunyoe maua yakiwa bado mabichi.

Jifunze kukisoma kishada kabla ya kukata. Kwenye mtufaa, ua la katikati huchanua la kwanza na mara nyingi ndilo litoalo tunda kubwa zaidi, kwa hiyo libakize na uondoe yanayolizunguka. Mpeasi huenda kinyume, maua ya pembeni hutangulia. Nafasi nayo ipangwe mapema: sentimita 15 hivi kati ya tufaa na tufaa, 15 hadi 20 kwa pichi, 5 hadi 10 kwa plamu. Kata kijiti cha urefu huo uende nacho, maana macho hudanganyika haraka mtu akiwa juu ya ngazi.

Vifaa ni vichache. Mkasi mdogo wenye makali, na spiriti ya kuufuta unapotoka mti mmoja kwenda mwingine. Chagua siku kavu, kwa sababu bakteria wanaounguza maua ya mipeasi na mitufaa huenea kwa urahisi penye unyevu. Kata kikonyo, usivute. Kile kitawi kifupi kinachobeba kishada huzaa miaka mingi, na ukikinyofoa umepoteza zaidi ya tunda moja. Dawa za kupunguzia maua na matunda zipo, ila baadhi yake, kama kabarili, huua nyuki. Kwa bustani ndogo sioni sababu ya kuzitumia.

Mwisho, hakikisha maji yapo. Matunda yaliyobaki yatanenepa tu kama udongo una unyevu wa kudumu. Na usipunguze hadi idadi kamili unayoitaka kwa mara moja, kwani wiki chache baada ya kuchanua mti hupukutisha wenyewe sehemu ya matunda machanga. Bakiza ya ziada kidogo, subiri upukutikaji huo upite, ndipo urudi na kijiti chako kwa mara ya mwisho.