Kuendelea Kukusanya Vigari vya Mfano Macho Yanapopungua Nguvu

Mtu akishapita miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hukakamaa na kushindwa kubadili umbo ili kuona vitu vya karibu, na ndipo mkusanyaji aliyezoea kusoma jina la dereva kwenye mlango wa kigari anapojikuta akikisogeza mbali mpaka mkono unaishia, na maandishi bado hayasomeki. Wengi hukimbilia miwani kali zaidi. Ushauri wangu ni kuanza na taa.

Jicho la mzee hupitisha mwanga kidogo kuliko la kijana, kwa sababu mboni hupungua upana na lenzi huingia umanjano. Tafuta taa ya mezani yenye shingo inayopindika, iwe na mwanga mweupe, na uielekeze kutoka ubavuni ili mng'ao wa rangi usikurudie machoni. Chini ya kigari tandika kitambaa kisichong'aa ambacho rangi yake inapingana nacho. Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, mfano wa ile iliyompa Shekhar Mehta ushindi wa Safari Rally mwaka 1973, hupoteza kingo za boneti juu ya kitambaa cheusi, lakini juu ya kitambaa cha rangi ya maziwa huonekana yote.

Nguvu ya miwani ya kusomea ina hesabu yake: kwa jicho linaloona mbali vizuri, gawa 100 kwa namba ya lenzi upate umbali, kwa sentimita, ambapo kitu huonekana wazi. Namba 2.5 hukupa sentimita 40, na namba 4 hukupa 25 tu, nafasi finyu kwa mikono inayobandika stika kwa kibanio. Maandishi ya chini ya kigari yapige picha kwa simu, kisha uyakuze.

Ukubwa nao ufikirie upya. Datsun hiyo huwa na urefu wa sentimita 6.5 hivi katika kipimo cha 1:64 (yaani urefu wa gari halisi umegawanywa kwa 64), karibu 10 katika 1:43, na 23 katika 1:18. Hiki cha mwisho humaliza rafu upesi, kwa hiyo mimi ningehamia 1:43, bila kuviuza vile vidogo vya zamani.

Vidole navyo vina kazi. Vigari vya kale vya aloi ya zinki iliyochanganyika na madini ya risasi hupasuka na kuvimba vyenyewe. Ukipitisha ukucha polepole juu ya paa na sakafu ya kigari, utaugundua ufa ambao jicho limeukosa.

Mwisho, funika jicho moja utazame ukingo wa rafu, kisha ufanye hivyo kwa jicho la pili. Ukingo ulionyooka ukionekana umepinda, au sehemu yake imefifia katikati, nenda kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo, kabla ya kununua lenzi nyingine.